Ibnul-Haytham: Mwanachuoni wa Basra Aliyelihoji Jicho

Mwaka 1968, nikiwa mtoto wa miaka 12, nilitoa ushahidi uliomwondolea mtu heshima yake mtaani. Sikusema uongo. Nilisema nililoliona, na lau ningaliapishwa siku ile ningaliapa bila ya kutetemeka. Lakini nililoliona halikuwa. Kwa miaka mingi nilitembea na fumbo hilo kifuani: vipi mtu aweza kusema kweli ya jicho lake na papo hapo akawa amemdhulumu mwenziwe? Jawabu lake sikulipata barazani wala kwa mawakili. Nililipata kwa mtu aliyezaliwa Basra zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maisha yake ndiyo ninayotaka kukusimulia leo, ndugu msomaji. Ila kwanza nitimize kisa changu.

Mtaani petu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na mzee aliyeuza kahawa, na redio yake ya betri ndiyo iliyokuwa gazeti la mtaa mzima. Jioni moja, adhana ya Magharibi imekwisha na watu wamo msikitini, mimi nilikuwa nakimbia kurudi nyumbani kutoka kuogelea. Nilipofika kwenye mdomo wa kichochoro nikamwona mtu ameinama pale barazani, kisha akainuka akaenda zake, bega moja limeshuka. Kanzu nyeupe, kofia, bega limeshuka: basi. Palikuwa na seremala mmoja mtaani mwenye bega la namna ile, kwa ajili ya kuchukua mbao tangu ujana wake. Baada ya sala redio ikatafutwa, haipo. Nikaulizwa, nami nikamtaja seremala.

Hakupelekwa polisi. Lakini kazi zilimpungukia, salamu zikawa fupi, na kwenye baraza watu wakasogeana ili pasipatikane nafasi ya yeye kukaa. Wiki tatu baadaye shemeji wa yule mwenye redio alirudi kutoka Lamu. Kumbe ni yeye aliyeichukua, akaipeleka kwa fundi itengenezwe kama walivyowahi kuzungumza, na alfajiri yake akasafiri akidhani mwenyewe ameshajua. Na bega lake lilishuka kwa sababu alikuwa ameibana redio kwapani.

Marehemu baba alinishika mkono akanipeleka kwa seremala kuomba radhi. Alinisamehe palepale, akanipa na kipande cha mbao nichezee. Lakini barazani kwetu hakukaa tena mpaka alipokufa.

Miaka ikapita. Nilipokuwa mtu mzima nikamsikia mwalimu mmoja, katika darasa la baina ya Magharibi na Isha, akimtaja mwanachuoni aliyeandika kitabu kizima juu ya kuona, na ndani yake mlango mzima juu ya makosa ya kuona. Nilikaa wima. Tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta katika kila kitabu kilichonifikia mkononi.

KIJANA WA BASRA

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra yapata mwaka 354 wa Hijra, yaani mwaka 965 wa Miladi. Wazungu walilichukua lile jina la al-Hasan wakalitamka kwa ndimi zao, wakamwita Alhazen, na wengi wao walimsoma kwa karne nyingi kwa jina hilo.

Basra si mji mgeni kwetu watu wa pwani. Wazee wetu wameziona tende za Basra zikishushwa bandarini, na majahazi yakirudi kule na msimu wa kusi yamejaa boriti za mikoko ya Lamu. Zama za Ibnul-Haytham mji ule ulikuwa tayari umeshatangulia kwa ilimu: ilimu ya lugha, ya dini, ya hesabu na ya nyota. Hata kadhi wake wa zama za kale, Iyas bin Muawiya, alisifika kwa werevu. Husimuliwa kwamba palipotokea watu kuutazama mwandamo, sahaba Anas bin Malik, naye ni mzee wa umri mkubwa, alisema kwamba yeye amekwisha kuuona mwezi, na ilhali hapana mwingine aliyeuona. Iyas akamtazama vizuri, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake. Akaupangusa kwa adabu, kisha akamwomba atazame tena, na ule mwezi haukuwapo. Sahaba mtukufu hakusema uongo. Jicho lilimpa kitu, naye akakisema.

Katika mji wenye visa vya namna hiyo ndimo alimokulia kijana huyu. Alizama katika hesabu na handasa, akawasoma Wayunani, yaani Aristotle, Euclid na Batlamyus, kwa tarjuma za Kiarabu. Wala hakuwasoma kwa kuwaabudu. Baadaye aliandika kitabu cha kumtilia shaka Batlamyus mwenyewe, na humo akaeleza kwamba mwenye kuitafuta haki hatosheki kwa kuwadhania mema waliotangulia. Huwahoji, tena hujihoji na yeye mwenyewe, asije akateleza kwa upendeleo au kwa uvivu. Neno hilo la kujihoji mwenyewe ndilo lililonishika mimi, kwa sababu unazozijua.

MTO NAILI NA KHALIFA

Kisa kinachojulikana mno katika maisha yake kimeandikwa na Ibnul-Qifti, mwandishi wa tarehe aliyekufa mwaka 1248, yapata miaka 200 baada ya Ibnul-Haytham. Kwa hiyo tukisimulie kama kilivyopokewa.

Yasemekana kwamba Ibnul-Haytham, akiwa bado Iraki, alitamka kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto Naili kazi ya kuufanya uwe na manufaa unapojaa na unapopungua. Habari zikamfikia al-Hakim bi-Amrillah, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu mwaka 996 hadi 1021. Al-Hakim alikuwa mtu wa ajabu. Mwaka 1005 alijenga mjini Kairo Nyumba ya Ilimu, ikajazwa vitabu. Lakini hasira zake ziliogopwa, na waliokuwa karibu naye hawakujua leo wataamka katika neema au katika upanga. Akampelekea Ibnul-Haytham mali na mwito, na alipofika, khalifa mwenyewe akatoka nje ya mji kwenda kumlaki.

Kisha akapewa mafundi na vyombo, wakaupanda mto kuelekea kusini. Njiani akayatazama majengo ya Wamisri wa kale, mawe yaliyopangwa kwa vipimo visivyokosea hata kidogo, na moyo wake ukaanza kunyong'onyea. Akajiambia kwamba watu wenye ilimu na nguvu kama hizi, lau jambo hili lingewezekana, wangelikwisha kulifanya. Walipofika mahali paitwapo Janadil, karibu na Aswan, maji yanapoporomoka juu ya mawe, akapachunguza pande zote mbili, akakiri kwamba halimkiniki.

Hapo tusimcheke. Ni upande huohuo wa Aswan ambako Waingereza walimaliza bwawa lao mwaka 1902, na Misri ikamaliza Bwawa Kuu mwaka 1970, kwa saruji na mitambo ambayo mtu wa karne ya 11 hakuwa nayo. Mawazo yake hayakuwa ya mpumbavu. Ila aliyahukumu mambo akiwa mbali, na alipoyaona kwa karibu hukumu ikabadilika. Naye akawa na ushujaa wa kurudi na kusema kwamba amekosea. Wangapi kati yetu, tena mbele ya mtu kama al-Hakim, tungeweza?

Khalifa aliupokea udhuru wake, akampa kazi ya diwani. Ibnul-Haytham aliishika kazi ile kwa woga, akijua kwamba amekaa juu ya kaa la moto. Basi akafanya hila ambayo haikumtoa damu mtu: alijitia wazimu. Mali yake ikawekwa chini ya ulinzi, naye akafungiwa nyumbani kwake, na hali hiyo ikaendelea mpaka mwaka 1021, al-Hakim alipotoka usiku kwenda vilimani asionekane tena. Hapo ndipo akili zilipomrudia mwenyewe, kama wasemavyo wasimulizi kwa tabasamu.

NURU KATIKA CHUMBA CHA GIZA

Wengi hupenda kuamini kwamba ni ndani ya kifungo kile ndimo alimoanzia kazi yake kubwa, akiitazama nuru ikipenya kwenye tundu la dirisha. Ilivyo yakini ni kwamba katika miaka yake ya Misri alikitunga Kitab al-Manadhir, kitabu cha kuona, chenye juzuu saba.

Kabla yake, wakubwa wa ilimu walikuwa makundi mawili. Wafuasi wa Euclid na Batlamyus walisema jicho hutoa miali yake lenyewe, ikaenda kukigusa kitu, mfano wa kipofu anayepapasa kwa fimbo. Wafuasi wa Aristotle walisema sura ya kitu ndiyo inayolijia jicho, lakini hawakuonyesha kwa hesabu njia inayopita. Ibnul-Haytham akauliza maswali ambayo mtoto angeweza kuuliza. Ikiwa jicho ndilo litoalo miali, kwa nini jua humuumiza mtu alitazamaye? Na ukifumbua macho usiku ukaziona nyota papo hapo, je, ni kitu gani kilichotoka katika kijicho hiki kikajaza mbingu nzima kwa mpepeso mmoja?

Kisha hakutosheka na hoja, akaenda kwenye jaribio. Alipanga taa kadhaa mbalimbali mbele ya tundu la chumba chenye giza, na ukutani ndani kila taa ikatua na doa lake peke yake. Ukiifunika taa moja, doa lake hutoweka na mengine hubaki. Kwa hiyo nuru huenda kwa mistari iliyonyoka, na nuru nyingi hupita tundu moja bila ya kuchanganyika. Ndivyo, akasema, inavyolijia jicho kutoka katika kila nukta ya kila kitu. Jaribio la namna hii yeye aliliita i'tibar, neno ambalo kwetu tunalo katika itibari, yaani kuaminika. Kwake yeye jambo halikuwa na itibari mpaka lijaribiwe.

Mpaka hapo ni ilimu ya nuru. Lakini kilichonifanya mimi nisilale ni juzuu ya pili na ya tatu, maana huko aliliacha jicho nyuma akaingia ndani ya mtu.

JICHO HALIONI PEKE YAKE

Alisema kwamba jicho, kwa hisi tupu, hupata nuru na rangi tu. Lakini sisi huona mambo mengi kuliko hayo, naye akayahesabu yakawa 22: umbali, umbo, ukubwa, mwendo, utulivu, ulaini, kivuli, uzuri, ubaya, kufanana na mengineyo. Hayo yote, kwa maelezo yake, hayakamiliki jichoni. Hukamilishwa na nguvu ya kupambanua iliyo ndani ya mtu, na nguvu hiyo hufanya kazi kwa kulinganisha na kwa kukumbuka, upesi mno hata mwenyewe haina habari kwamba imefanya kazi. Alitoa mfano wa mtoto mdogo anayepewa matunda mawili achague. Hulichukua lililo zuri zaidi. Amelinganisha na amehukumu, na ilhali ukimuuliza kulinganisha ni nini hajui.

Mfano wake mwingine utamfurahisha kila aliyepitia chuoni. Mtu ajuaye kusoma, akiliona neno abjad limeandikwa, hulitambua mara moja. Hapiti alifu, kisha be, kisha jimu, kisha dali. Sura nzima ya neno imekaa moyoni kwa kukaririwa, na alama chache tu zamtosha. Lakini neno geni asilolijua hulipitia herufi kwa herufi. Na juu ya kukariri alisema lile ambalo walimu wetu wa Kurani hulitenda kila siku: jambo likirudiwa mara nyingi hukita ndani ya nafsi, na ndiyo sababu mwenye kutaka kuhifadhi hurudia kusoma tena na tena.

Akapambanua pia baina ya kutupa jicho na kutaamali. Kwa kutupa jicho mtu hupata yale ya juu juu. Akitaka yakini lazima ataamali, yaani alizungushe jicho juu ya kitu sehemu baada ya sehemu, kwa sababu kuona kunakuwa safi pale tu jicho linapoelekea moja kwa moja. Pembeni huwa na ukungu. Na kuzungusha huko kunataka muda. Alitoa mfano wa pia, ileile wanayochezea watoto: ukiichora mistari ya rangi mbalimbali kisha ukaizungusha kwa kasi, huoni mistari, waona rangi moja tu ambayo haimo katika hizo. Rangi ziko vilevile, ila muda haukutosha.

Sasa rudi pamoja nami kwenye kichochoro kile. Nilitupa jicho, sikutaamali. Nilipata alama tatu, kanzu, kofia na bega, na kumbukumbu yangu ikaleta iliyobaki: uso, jina na mtu mzima. Seremala nilikuwa nimemwona mara elfu, sura yake imekita. Nikamsoma kama neno abjad. Uso wake sikuuona kabisa jioni ile, lakini nilipoulizwa niliukumbuka. Hilo ndilo la kutisha. Sikukisia kisha nikasema ninakisia. Kukisia kulifanyika ndani kwa siri, nami nikakabidhiwa matokeo yake kwa jina la kuona.

MASHARTI MANANE

Ibnul-Haytham aliyataja kosa hili na jamaa zake katika juzuu ya tatu. Alieleza kwamba mtu aweza kumwona mwingine kwa mbali akamdhania ni fulani amjuaye, kwa ajili ya kufanana katika baadhi ya alama. Na ili kuona kusalimike aliweka masharti manane: umbali wa kadiri, kitu kiwe mbele ya jicho, mwanga wa kutosha, ukubwa wa kutosha, kitu kiwe kizito kiasi cha kuizuia nuru isipenye yote, hewa ya katikati iwe safi, muda utoshe, na jicho lenyewe liwe na afya. Sharti moja likitoka katika kadiri yake, kosa hupata mlango.

Nimeyapima masharti hayo juu ya jioni yangu. Mwanga ulikuwa wa Magharibi, tena kichochoroni. Mtu alinipa mgongo. Umbali ulikuwa wa nyumba tano au sita. Macho yangu yalikuwa yamejaa chumvi ya bahari. Na muda ulikuwa wa mtoto anayekimbia akiogopa kuchapwa. Katika manane, matano yalikuwa yameharibika, na mtaa mzima haukuniuliza hata moja. Waliniuliza jambo moja tu: umemwona nani?

Hata mwezi, ambao sisi kwa ibada zetu tunautazama kuliko watu wengi, aliutolea maelezo. Kila mtu wa pwani ameuona mwezi wa kumi na nne ukichomoza baharini mkubwa kama sinia, na ukifika utosini umekuwa kisahani. Mwezi haukupungua. Alieleza kwamba ukiwa chini upeoni jicho linakuwa na vitu vya katikati vya kupimia umbali, basi nafsi huudhani uko mbali zaidi, na kitu kilicho mbali zaidi chenye kipimo kilekile cha jichoni huhukumiwa kuwa kikubwa zaidi. Juu utosini hapana cha kupimia. Wataalamu wangali wanajadiliana juu ya jambo hili mpaka leo, lakini wengi wao huanzia pale alipoanzia yeye: kwamba ukubwa ule haumo mwezini, umo katika hukumu yetu.

MAISHA YAKE YA MWISHO

Alipotoka kifungoni hakurudi kwenye vyeo. Alikaa kwenye kuba karibu na mlango wa Msikiti wa Azhar, akisoma, akitunga na kusomesha. Riziki yake aliipata kwa hati ya mkono wake. Yasemekana kila mwaka alinakili vitabu vya hesabu na nyota, kimoja cha Euclid na kimoja cha Batlamyus vikiwamo, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, bei isiyopanda wala kushuka, na hizo zikamtosha mwaka mzima. Huyu ndiye yule aliyelakiwa na khalifa nje ya mji. Alikufa mjini Kairo yapata mwaka 1040, umri wake ukikaribia miaka 75. Vitabu na risala zaidi ya 90 zimetajwa kwa jina lake, na zaidi ya 50 zimesalia.

Kitabu chake kilisafiri kuliko yeye. Yapata mwaka 1200 kilikuwa kimeshafasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Huku kwetu mashariki, Kamaluddin al-Farisi, aliyekufa yapata mwaka 1319, alikisherehesha na kukisahihisha, na kwa njia zake akafumbua siri ya upinde wa mvua.

Wala tusimfanye kuwa mtu asiyekosea, maana yeye mwenyewe angetukataza. Alidhani kwamba kuhisi huanzia katika lenzi ya jicho, na kwamba sura hubaki wima ndani yake. Mwaka 1604 Johannes Kepler, aliyejifunza katika mlolongo wa vitabu vilivyotokana na kile, alionyesha kwamba picha huangukia kwenye utando wa nyuma ya jicho, tena ikiwa juu chini. Hivyo ndivyo ilimu inavyokwenda: mwanafunzi mwema humheshimu mwalimu kwa kumsahihisha.

Lakini lile la kuona kwa hukumu na kumbukumbu limezidi kupata nguvu. Karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alilifikia tena, akafundisha kwamba kuona ni kukisia kusikojijua. Mwaka 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza mwendo wake. Walioulizwa kwa neno zito, kwamba magari yalivunjana, walitaja kasi kubwa zaidi kuliko walioulizwa kwa neno jepesi; na baada ya wiki moja baadhi yao walikumbuka vioo vilivyovunjika ambavyo havikuwamo. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwataka watu wahesabu pasi za mpira katika filamu, na katikati ya wachezaji akapita mtu aliyevaa ngozi ya sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Macho yalikuwa wazi. Mazingatio yalikuwa kwingine.

Nilipoyasoma haya nilikuwa tayari mzee mwenye wajukuu, na seremala yumo kaburini. Sikupata ruhusa ndani yake ya kujitakasa. Mtoto alikosea kwa maumbile ya jicho, lakini sisi sote, mimi na wakubwa wangu, tulikosea kwa uvivu wa kuuliza. Yule shemeji angerudi baada ya wiki tatu kwa vyovyote. Tulichotakiwa ni kungoja tu.

Leo nikiitwa kutoa ushahidi, iwe wa mwandamo au wa ugomvi wa majirani, hutanguliza mambo haya: palikuwa na mwanga kiasi gani, nilikuwa mbali kiasi gani, nilitazama kwa muda gani, na lipi nililoliona na lipi nililolijaza. Aghalabu husema kwamba niliona kanzu, kofia na bega, nikaishia hapo. Watu huniona mzito, na wajukuu hucheka. Hainidhuru.

Upande wa mashariki wa uso wa mwezi, karibu kabisa na ukingo, lipo shimo kubwa ambalo wataalamu wa nyota wamelipa jina la Alhazen. Kwa jicho tupu halionekani. Mwenyezi Mungu amrehemu mwanachuoni wa Basra, amrehemu na seremala wa mtaani petu, na atusamehe sisi tulioona upesi.